Kikombe cha kahawa juu ya deki: je, nimemzulia baba yangu?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Ngamiani, Tanga. Baba yetu alifariki miezi minane iliyopita. Tulipokuwa wadogo, baba mdogo aliyekuwa London alikuwa akiturekodia kile kipindi cha maswali cha Waingereza, Who Wants to Be a Millionaire, na kututumia kanda kila alipopata msafiri. Siku ya kanda mpya nyumba ilijaa, majirani mpaka dirishani. Tangu baba aondoke, kila usiku nikishalaza watoto naingia YouTube kutazama vipande vya kipindi kile hadi saa nane, saa tisa. Nalia, napata nafuu, kisha nataka tena. Mume wangu anasema nimekataa kumwacha marehemu apumzike. Shangazi anasema nikasomewe. Lakini kilichoniumiza zaidi ni hiki. Nakumbuka wazi usiku tuliotazama yule mama wa kwanza kushinda milioni. Ilikuwa Ramadhani, tumeshafuturu. Baba alisimama, akaweka kikombe chake cha kahawa juu ya deki, akasema 'Henry wa Pili!' kabla yule mama hajajibu. Niliisimulia hadithi hiyo kwenye hitma yake. Kaka akaniita pembeni, akaniambia Ramadhani ile baba hakuwepo, alikuwa Mombasa kwa matibabu ya macho, na aliyejibu ni mwalimu jirani yetu. Je, nimemzulia baba yangu? Na hamu hii inayonila usiku ni ugonjwa? Kanda zenyewe zipo, zimeota kitu cheupe, naogopa kuzigusa."

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimesimama pale pale, kwenye kikombe cha kahawa juu ya deki. Nitakirudia. Kwanza nifungue fundo, maana umeniletea mambo matatu kwenye ncha moja ya kanga: hamu ya zamani, msiba wa baba, na hofu kwamba kumbukumbu yako imekugeuka. Yamefungwa pamoja, lakini kila moja lina dawa yake. Ukiyatibu yote kama ugonjwa mmoja utajichosha bure.

Mimi ni mwanasaikolojia wa ushauri, siandiki dawa za hospitali. Nakueleza ninayoyajua kutokana na kazi hii, na kwa kuwa nimekulia Tanga hii hii, nakueleza pia kama mtu aliyewahi kusimama dirishani kwa jirani kutazama televisheni.

Nianze na mume wako na shangazi, kwa sababu unaishi nao na mimi uko nami kwa barua tu. Wote wawili wanakuogopea. Kusomewa hakuna ubaya, na dua ya shangazi ni mapenzi yake kwako, ipokee. Ila usiichukue kama ushahidi kwamba umeingiliwa na kitu. Kulia kwa ajili ya kipindi cha televisheni alichokipenda mzazi hakuhitaji jini wa kukueleza. Na mume wako, kwa nia njema kabisa, amebeba fikra ambayo hata wataalamu wa fani yangu waliibeba kwa miongo mingi, kwamba mfiwa anayepona ni yule aliyekata kamba na marehemu. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walitoa kazi iliyoonyesha vingine: watu wengi waliofiwa huendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao maisha yote, wanaongea nao moyoni, wanafuata desturi zao, wanawasimulia watoto, na wanaishi vizuri. Sisi wa pwani tulilijua hilo kabla ya kuandikiwa. Hitma tunasoma ya nini, na kaburi tunalizuru kwa nini, kama marehemu alitakiwa kukatwa? Kwa hiyo kumtafuta baba kupitia kipindi alichokipenda si kosa. Tatizo lako liko kwenye saa tisa ya usiku, na nitalifikia.

Hamu ya zamani. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari wa Kiswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu huko Basel kuhusu Waswisi waliokuwa mbali na kwao wakidhoofika kwa kutamani nyumbani. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, akaupa ugonjwa huo jina la nostalgia, ndiyo hamu ya zamani tunayoizungumzia. Basi kwa muda mrefu hamu ya zamani ikawa inahesabiwa maradhi, na mabaki ya fikra hiyo ndiyo yanayokufanya uniulize kama unaumwa. Tangu miaka ya 2000 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Southampton, wakiwamo Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wamelichunguza jambo hili kwa makini na kukuta sura nyingine. Hamu ya zamani huamshwa zaidi mtu anapokuwa mpweke au mnyonge, na ikishaamka humrudishia hisia kwamba anapendwa, ana watu, na maisha yake yana maana. Uliponiandikia "nalia, napata nafuu", ulikuwa unaeleza jambo hilo hilo. Moyo umepigwa na upweke, unaingia kabatini kujitafutia dawa.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko istilahi za vitabuni. Kuna hamu, ambayo ina utamu ndani yake. Kuna ukiwa, nyumba kuwa na watu na bado ikawa tupu. Kuna kihoro, kinachomshika mtu kooni. Wewe unaingia kwenye simu na ukiwa, unapata hamu kwa nusu saa, halafu kadiri usiku unavyokwenda unatumbukia kwenye kihoro. Jiulize kila usiku uko kwenye lipi kati ya hayo. Utashangaa jinsi unavyoweza kuuona mpaka kati yake ukishaanza kuutafuta.

Sasa, kwa nini kipindi hiki, na si tamthilia, si mpira, si taarab aliyoipenda? Jibu lake ni refu kidogo, nivumilie.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, mwaka ambao ITV yetu ya Mikocheni ilianza kurusha. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majirani zetu wa Mombasa walikuwa na ya Kenya. Sisi Tanga tulikaa katikati tukiokota ya watu. Mwenye uwezo alisimika mlingoti mrefu nyuma ya nyumba, na kijana mmoja alipewa kazi ya kuuzungusha: aelekeze baharini apate Unguja, aelekeze kaskazini apate Mombasa, huku ndani watu wakipaza sauti, "Hapo! Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Usiku mmoja picha safi, usiku wa pili chenga tupu. Nakumbuka nyumba moja barabara ya 12 ambako sebule ilijaa hadi mwenye nyumba akakosa pa kukaa, akatazama akiwa amesimama mlangoni kwake mwenyewe. Hata vituo vyetu vilipofika na deki zikaenea, tabia ile ilibaki. Televisheni ilikuwa baraza. Hukuitazama, uliihudhuria.

Halafu ikaja kanda kutoka London. Kipindi chenyewe kilianza Septemba 1998 kwenye ITV ya Waingereza, mtangazaji akiwa Chris Tarrant: maswali 15, majibu manne ya kuchagua, misaada mitatu, na pauni milioni moja mwishoni. Taa zinashuka, muziki unapanda kidogo kila swali, na yule bwana anauliza kama hilo ndilo jibu la mwisho, kisha ananyamaza. Wengi wa pwani wamelijua umbo hilo hilo kwa Kihindi kupitia Amitabh Bachchan, kuanzia mwaka 2000. Popote lilipopelekwa limeshika, na nadhani kwetu lilikuta kiti kimeshaandaliwa.

Kumbuka vitendawili. Bibi anasema, "Kitendawili!" Watoto, "Tega!" Anatega, kimya kinaingia, mmoja anabahatisha, mwingine anabahatisha, wote wanakosea. Bibi anasema, "Nipeni mji." "Tunakupa Pangani." Anakwenda Pangani, anazunguka, anawasimulia alivyokaribishwa na alichokula huko, anawacheleweshea makusudi, ndipo anafumbua. Kila kilichomo kwenye kipindi cha Tarrant kimo humo: swali, majibu yanayogombana, kuombwa kukubali kushindwa, na ule ucheleweshaji mtamu kabla ya jibu. Baba yako na majirani zake hawakuhitaji kufundishwa namna ya kutazama. Walikuwa wakicheza mchezo wa utotoni mwao kwa sauti ya Kiingereza.

Ucheleweshaji huo una kazi kichwani. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Wolfram Schultz na mwenzao walichapisha uchunguzi wa nyani waliokuwa wakisubiri tone la juisi. Seli za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo dopamini zilichangamka zaidi, na zikazidi kupanda wakati wa kungoja, pale ambapo uwezekano wa kupata ulikuwa nusu kwa nusu. Nyani akijua hakika atapata, mpando ule haupo. Akijua hapati, haupo vilevile. Sasa fikiria ule msaada wa kuondolewa majibu mawili yakabaki mawili. Aliyeubuni kipindi hiki aliwaweka watazamaji mahali hasa ambapo kungoja kunawaka kuliko kote. Nyinyi mkangoja mahali hapo pamoja, mabega yakigusana, pumzi zimeshikwa kwa wakati mmoja, mkaachia kelele kwa wakati mmoja. Jambo lililopita namna hiyo linachapwa kwenye kumbukumbu kwa wino mzito. Na wewe, kwa hesabu yangu, ulikuwa na miaka 13 hivi. Watu wazima wakiulizwa kumbukumbu zao, nyingi huangukia kati ya miaka 10 na 30 hivi ya umri wao, kwa hiyo wino mzito ulikukuta na karatasi mpya.

Tena kuna Tarrant mwenyewe. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu uhusiano wa mtazamaji na mtu wa kwenye televisheni, wakiwataja pamoja na wengine watangazaji wa vipindi vya maswali: mtu asiyekujua, anayekutazama machoni, anayekufanya ujisikie mgeni wake. Kwenu alikuwa kama mgeni wa baba. Ukisikia sauti yake leo saa nane ya usiku, ubongo unatarajia na sauti nyingine zilizokuwa zikifuatana nayo. Hazisikiki. Hapo ndipo chozi linapotoka.

Turudi kwenye kikombe.

Kaka yako alipokuita pembeni, bila shaka alidhani anasahihisha tarehe. Wewe ulisikia unaambiwa umemsemea uongo marehemu mbele ya watu waliokuja kumsomea. Naelewa kwa nini umeumia kiasi hiki. Lakini sikiliza jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, maana wengi tunaamini ni kama kanda ya video: imerekodiwa, imewekwa kabatini, ukiitaka unaitia kwenye deki unaona kilekile. Frederic Bartlett wa Cambridge alishaonyesha mwaka 1932 kwamba sivyo. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, kwa vipande vilivyobaki na kwa yale tunayojua kuhusu namna mambo yalivyokuwa kwa kawaida. Panapokosekana kipande, akili inachukua kinachofaa kutoka usiku mwingine.

Tena inafanya hivyo kwa uhakika wote. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka tarehe 28 Januari 1986. Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwapa wanafunzi karatasi asubuhi iliyofuata waandike walisikia habari hiyo wapi, wakiwa na nani. Baada ya takriban miaka miwili na nusu wakawauliza tena. Wengi walisimulia mahali pengine, watu wengine, na wakaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, wapo walioendelea kuishika kumbukumbu mpya. Wale hawakuwa waongo. Hawakuwa hata wasahaulifu kuliko wewe na mimi.

Sasa chukua kanda yenu. Kanda haitazamwi mara moja. Ilichezwa Ramadhani, ikachezwa Idi, akaja mgeni ikachezwa tena, mpaka picha ikaanza kupanda na kushuka. Yawezekana mwalimu alijibu usiku wa kwanza. Yawezekana baba alirudi kutoka Mombasa, akawekewa kanda ambayo nyumba nzima imeshaijua, akasimama, akaweka kikombe, akasema "Henry wa Pili" kabla ya yule mama. Labda alilijua jibu. Wengi waliosoma kabla ya uhuru walikaririshwa wafalme wa Uingereza. Labda alikuwa ameshadokezwa na watoto, akajifanya ametambua mwenyewe ili mpige makofi. Halafu akili yako, kwa miaka ishirini na zaidi ya kuikumbuka na kuisimulia, imeushona usiku wa mwalimu na usiku wa baba ukawa usiku mmoja. Kuchanganya chanzo namna hii ni miongoni mwa makosa ya kawaida kabisa ya kumbukumbu: tukio ni la kweli, maneno ni ya kweli, mahali pake kwenye kalenda ndipo pamehama.

Kwa hiyo hukumzulia. Kuzua kunahitaji mtu ajue kwamba jambo halikuwa, kisha alitamke. Wewe ulisema ulichokiona moyoni. Na jambo moja nakuomba ulipime kwa haki: kumbukumbu ya kaka nayo imejengwa upya mara nyingi kama yako. Kuwa na uhakika kwake hakumpi ushahidi zaidi yako. Kipo kitu kimoja kidogo kinachokuunga mkono. Judith Keppel, yule mama, aliishinda milioni katika kipindi kilichorushwa tarehe 20 Novemba 2000, kwa swali la mfalme gani alimwoa Eleanor wa Aquitaine, na Ramadhani ya mwaka ule ilianza siku za mwisho za Novemba hiyo hiyo. Kanda iliyokwenda kwa mkono wa msafiri ingefika Tanga kwenye mfungo au baada yake. Ramadhani yako, basi, haikutoka hewani. Kama mnataka kwenda mbali zaidi, karatasi za hospitali ya macho au muhuri wa mpakani Horohoro vinaweza kuwepo kwenye mkoba wa marehemu. Binafsi nisingevitafuta kwa lengo la kujua nani mshindi. Ndugu wawili wakianza kushitakiana kwa vielelezo juu ya baba yao, hasara ni kubwa kuliko tarehe.

Sasa huo usiku wa manane, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Vipande unavyotazama kwenye simu vimekatwa. Vinakupeleka moja kwa moja kwenye swali la mwisho, jibu, kelele, kisha kipande kingine kinaanza chenyewe kabla hujavuta pumzi. Zamani mlingoja kipindi kizima, matangazo ya biashara ya Waingereza yakipita, mtu akitoka kuchukua kashata, mwingine akimbishia jirani. Utamu ulikaa kwenye kungoja na kwenye ubishi. Kipande cha dakika nne kimetupa vyote viwili, kikabakiza mshtuko wa mwisho. Kent Berridge ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni mitambo miwili tofauti ndani ya ubongo, na wa kwanza unaweza kuendelea kuzunguka wakati wa pili umeshazimika. "Kisha nataka tena" ni huo wa kwanza. Unatafuta sebule ya baba kwenye kitu kisicho na sebule.

Ongeza kukosa usingizi. Mfiwa anayepata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku, mchana kila kitu kinamwelemea: watoto, mume, kazi, hata harufu ya chai. Jioni inamkuta dhaifu zaidi, upweke unamkamata mapema zaidi, anaingia kwenye simu mapema zaidi. Miezi minane ya mzunguko huo inaweza kumfanya mtu aamini amerogwa.

Nakushauri nini? Kuacha kabisa sikushauri. Utajinyima mlango mmoja wa kumfikia baba, na nina wasiwasi utaurudia kwa siri na aibu juu. Kuendelea hivi pia sikushauri. Hamisha mahali, saa na watu. Simu ilale sebuleni, isiingie chumbani, na hilo lianze leo. Kisha chagua jioni moja ya wiki, tuseme Jumamosi baada ya Isha, mtazame kipindi kizima kimoja kwenye skrini kubwa na watoto, na mume kama atakubali. Simamisheni picha kabla ya kila jibu. Kila mtoto aseme lake na atetee. Wape na misaada mitatu, na ule wa kumpigia simu rafiki uwe wa kweli: sekunde 30, wampigie mtu wa ukoo anayejua. Kama baba mdogo bado yupo, ndiye wa kwanza kupigiwa.

Sitakuficha ugumu wake. Jumamosi ya kwanza yaweza kukuuma kuliko simu, maana kiti cha baba kitaonekana. Watoto wa leo hawajazoea kungoja, watachoka swali la tano. Kaka anaweza kukataa kuja. Jaribu mara tatu kabla ya kuhukumu. Na siku ambazo hutaki kabisa kumkumbuka baba, unataka kupika na kucheka tu, usijilaumu. Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa anayekwenda vizuri hupishana kati ya kuuelekea msiba na kuupa kisogo ili aishughulikie dunia. Bahari yako hapo Tanga inajaa na kupwa kila siku na hakuna anayesema imeharibika.

Hata hivyo kuna mahali ambapo barua haitoshi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani huzungumzia msiba uliorefuka kupita kiasi kuanzia miezi sita, na wewe una minane, kwa hiyo nakuomba ujipime kwa ukweli. Je, karibu kila siku, mchana pia, kihoro kinakushika kiasi cha kushindwa kazi za kawaida? Unaona maisha hayana maana bila baba? Unawakwepa watu, huli, umepungua mwili, hujisikii chochote hata kwa watoto wako? Kama ndivyo, au kama wiki tatu za simu kulala sebuleni hazijakurudishia usingizi, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo uulizie huduma ya afya ya akili. Nenda na mume wako, asikie mwenyewe. Ukiwa upande wa Korogwe, Lutindi wamekuwa wakihudumia afya ya akili kwa zaidi ya miaka mia. Na likikujia wazo la kutaka kumfuata baba, usingoje wiki wala kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyo hiyo, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho kanda, maana nazo zina haraka. Kile cheupe ni ukungu, na hewa yetu ya bahari inaupenda sana utepe wa video. Usiitie kanda hiyo kwenye deki hata kwa kujaribu. Ukungu utaganda kwenye kichwa cha deki, utepe utakwaruzwa au utakatika, na deki hiyo itaambukiza kanda inayofuata. Usizianike juani, joto linaukunja utepe. Zitoe kabatini mkiwa mahali penye hewa, ukiwa umejifunga kitambaa puani, zisimamishe wima kama vitabu mahali pakavu, zile zenye ukungu zikae mbali na safi. Mtafute fundi anayefungua kasha na kusafisha utepe wenyewe, na mwulize kabla hujampa: umewahi kusafisha kanda yenye ukungu, na deki utakayotumia ni ipi? Akikujibu kwamba ataicheza tu ukungu utajitoa, ondoka. Mfumo wa picha wa Uingereza na wetu ni mmoja, PAL, kwa hiyo deki ya kawaida inatosha. Mpe kwanza kanda usiyoijali sana, ukiridhika na kazi yake ndipo umpe ya Novemba 2000. Mweleze anakili mfululizo bila kukata matangazo, aihifadhi sehemu mbili. Kabla ya yote piga picha lebo zote. Mwandiko wa baba mdogo unafifia, na pengine tarehe ipo hapo.

Mwalimu hujaniambia kama yu hai. Kama yupo, mpelekee nakala yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimwulize nani alijibu. Mwulize baba alikuwa akikaa upande gani wa sebule, na kahawa yake aliinywa na sukari au kavu.